Almasi, moisanaiti au zirkonia: pete ya uchumba inayostahili pesa yako

Taa za duka la vito hupangwa kwa makusudi. Ni balbu ndogo nyingi zenye mwanga mkali, kila moja ikilipiga jiwe kwa pembe yake, na chini ya taa hizo hata kipande cha kioo kilichochongwa kitametameta. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, omba ulitazame jiwe mbali na taa, karibu na dirisha lakini si juani, kisha likinge kwa kivuli cha kiganja chako. Jiwe lililochongwa vizuri litaendelea kukurudishia mwanga hata kivulini. Lililochongwa vibaya litapoa ghafla: litakuwa na giza katikati, au utaona ngozi ya kidole chako kupitia jiwe kama unayechungulia dirishani.

Hukumu yetu tuitangulize. Kwa anayetaka pete ya kuvaliwa kila siku kwa miaka mingi, na ambaye hana sababu maalumu ya kutaka almasi ya mgodini, chaguo bora ni moisanaiti (jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi) ya milimita 6 hadi 7, au almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na binadamu, yenye mkato mzuri, iliyowekwa na sonara anayeijua kazi yake kwenye dhahabu halisi au platinamu. Zirkonia, jiwe jingine la kutengenezwa linaloiga almasi, ni ya muda tu. Almasi ya mgodini ni nzuri, hatubishi, ila sehemu kubwa ya bei yake hailipii kitu ambacho jicho la mtu litakiona. Na kosa kubwa kuliko yote ni kumaliza bajeti kwenye jiwe, kisha jiwe hilo kuwekwa juu ya pete nyembamba ya fedha iliyopakwa dhahabu. Jiwe litadumu. Pete ndiyo itakayochoka, na ikichoka jiwe litadondoka.

Mshahara wa miezi miwili ulitoka wapi

Almasi ziliacha kuwa adimu baada ya machimbo ya Afrika Kusini kuanza mwishoni mwa miaka ya 1860. Kampuni ya De Beers, iliyoanzishwa 1888, ilijenga nguvu zake kwa kudhibiti kiasi cha mawe kinachofika sokoni. Mwaka 1938 iliikodi kampuni ya matangazo ya N. W. Ayer ili kuifufua hamu ya Wamarekani kwa almasi, na mwaka 1947 mwandishi wa matangazo hayo, Frances Gerety, akatunga maneno yanayosema almasi ni ya milele. Hata kiasi cha kutumia kilifundishwa kwa matangazo: mwanzoni mshahara wa mwezi mmoja, kufikia miaka ya 1980 miezi miwili kwa Wamarekani, na kwa Wajapani mitatu. Anayekwambia miezi miwili ni desturi anarudia tangazo bila kujua.

Hata hivyo, pete ina kazi ya kusema jambo, na kazi hiyo si ya kudharauliwa. Inatangaza kwamba mtu ameposwa, na kwamba aliyemposa ametoa kitu chenye uzito. Mchumba ana haki ya kunyoosha mkono watu waone. Swali letu ni moja: wanaotazama wanasoma nini hasa? Kwa umbali wa mkono mmoja wanaona upana wa jiwe ukilinganishwa na kidole, mng'ao wake, usafi wake, na kama pete imekaa sawa. Hawaoni tofauti ya rangi D, daraja la jiwe lisilo na rangi kabisa, na rangi H, iliyo madaraja machache chini yake. Hawaoni tofauti ya usafi wa VVS1 na VS2 (madaraja ya madoa ya ndani, VVS1 ikiwa safi zaidi), kwa kuwa hiyo hutafutwa kwa lenzi inayokuza mara 10, na hata kwa lenzi inahitaji mtu mzoefu. Hawajui jiwe limetoka ardhini au kwenye mashine. Ukilipia mambo hayo unalipia ujumbe usiomfikia mtu yeyote mpaka uutamke mwenyewe kwa mdomo.

Namba zinazofaa kujua ukiwa kaunta

Tuanze na neno linalochanganya wengi. Karati ya jiwe ni uzito: karati 1 ni gramu 0.2. Karati ya dhahabu ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 18 ni asilimia 75, na 14 ni takriban asilimia 58.5. Muuzaji anaweza kusema "karati 18" na mnunuzi akafikiri anazungumzia ukubwa.

Almasi ya duara ya karati 1 iliyochongwa kwa uwiano mzuri ina kipenyo cha takriban milimita 6.5. Ya karati 0.9 ina takriban milimita 6.2. Tofauti ya milimita 0.3 haionekani kidoleni, lakini bei huruka kila uzito unapogusa namba nzima au nusu: 0.50, 1.00, 1.50. Tafuta mawe yaliyo chini kidogo ya namba hizo. Na usiulize karati peke yake, uliza milimita. Wachongaji huacha kitako cha jiwe kinene ili uzito ufike namba inayouzika, na hapo unapata jiwe la karati 1 ambalo kwa juu lina upana wa milimita 6.1 tu. Uzito umefichwa chini, ndani ya pete, ambako hauna faida yoyote.

Mkato ndio unaoamua mng'ao, na ndio pekee tunaoshauri usiubanie pesa. Kwa almasi ya duara, tafuta uso wa juu wenye upana wa asilimia 54 hadi 58 ya kipenyo na kina cha asilimia 59 hadi 62.5. Uwiano mzuri hufanya mwanga uingie kwa juu, ugonge kuta za chini na kurudi juu. Kina kikizidi au kikipungua, mwanga unavuja kwa chini. Taasisi ya vito ya GIA ya Marekani, ambayo vyeti vyake ndivyo vinavyotegemewa zaidi kwa almasi ya mgodini, hutoa daraja la mkato kwa umbo la duara la kawaida. Kwa umbo la yai, pea au mtumbwi itabidi utumie macho yako: lizungushe jiwe polepole na uangalie kama kuna giza katikati lenye umbo la tai ya kipepeo. Kivuli chembamba ni cha kawaida. Giza lisiloondoka kila unapogeuza jiwe ni la kukataa.

Rangi G au H inatosha kwenye madini meupe, yaani dhahabu nyeupe au platinamu. Kwenye dhahabu ya njano shuka hadi J au K bila hofu, kwa kuwa njano ya pete humeza ile ya jiwe. Usafi wa VS2 unatosha kwa duara. Kwa mkato wa mstatili wenye nyuso ndefu kama ngazi panda hadi VS1, maana mkato huo uko wazi kama maji ya kisima na doa dogo huonekana. Doa la katikati huudhi macho tu. Ufa uliofika ukingoni, kwenye kiuno cha jiwe, ndio wa kuogopa, kwa kuwa hapo ndipo almasi hubanjuka ikigongwa. Ndiyo, almasi hubanjuka. Haikwaruziki kirahisi, lakini fuwele yake ina mielekeo minne ambayo ikipigwa sawasawa hupasuka.

Moisanaiti: tunayoipa alama za juu

Mwaka 1893 mwanakemia Mfaransa Henri Moissan alichunguza sampuli za kimondo kutoka Canyon Diablo, Arizona, akakuta fuwele ndogo alizodhani ni almasi. Mwaka 1904 alithibitisha kuwa ni silikoni iliyoungana na kaboni. Ya asili ni adimu mno, kwa hiyo yote iliyo kwenye pete imetengenezwa na binadamu. Ilianza kuuzwa kama kito mwishoni mwa miaka ya 1990 na kampuni moja iliyomiliki hataza, na hataza hiyo ilipokwisha Marekani mwaka 2015 watengenezaji wakawa wengi na bei ikashuka. Ubora nao ukatawanyika, na hilo ndilo la kuangalia.

Ugumu wake ni 9.25 kwenye kipimo cha Mohs. Almasi ni 10 na yakuti ni 9. Kipimo hicho hupanga mawe kwa zamu tu, hakisemi moja limezidi jingine mara ngapi, na pengo kati ya 9 na 10 ni kubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Kwa pete ya kila siku, namba ya kukumbuka ni 7. Huo ndio ugumu wa kwatzi, na chembe za kwatzi zimejaa kwenye vumbi la kawaida. Jiwe lililo chini ya 7 litakwaruzwa hata na kitambaa unachofutia vumbi. Moisanaiti iko juu sana ya hapo. Miaka kumi ya kazi za nyumbani haitaufubaza uso wake.

Inachoachana na almasi ni aina ya mng'ao. Moisanaiti hutawanya mwanga kwa kiwango cha 0.104 na almasi 0.044, yaani zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hutoa cheche nyingi za rangi za upinde wa mvua. Kwenye jiwe la milimita 5 hadi 6.5 wengi hawatagundua, na wapo wanaoupenda mng'ao huo kuliko wa almasi. Kuanzia milimita 8 rangi zinazidi na jiwe linajitangaza lenyewe kuwa si almasi. Ukitaka kubwa, chagua mkato wa mstatili wa ngazi au wa umbo la mto wa kulalia, ambao hupunguza cheche.

Kasoro za kukagua ni hizi. Mawe ya bei rahisi huwa na ukungu wa kijani au njano. Liweke juu ya karatasi nyeupe kivulini, ulitazame kwa ubavu. Ulinganisho wa "karati" nao una mtego, kwa kuwa moisanaiti ni nyepesi: ya duara ya milimita 6.5 ina uzito wa takriban karati 0.88, huku wauzaji wengine wakiiita karati 1 kwa maana ya ukubwa wa almasi inayofanana nayo. Agiza kwa milimita na hutakosea. Baada ya muda huenda utando wa rangirangi ukatokea usoni, kama mafuta juu ya maji. Jiwe halijaharibika: ni uchafu wa juu tu, na kitambaa cha kung'arishia vito huuondoa.

Almasi ya maabara

Hii ni almasi, kaboni ile ile, ugumu ule ule wa 10. Mwaka 2018 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliondoa neno "asilia" kwenye maelezo yake ya almasi ni nini. Huundwa kwa njia mbili. Ya kwanza hubana kaboni kwa shinikizo na joto kubwa kuiga hali ya chini ya ardhi. Ya pili huotesha jiwe tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi yenye kaboni, kwa kawaida methani iliyochanganywa na haidrojeni. Muuza duka hawezi kuitofautisha na ya mgodini kwa macho wala kwa lenzi peke yake. Inahitaji mashine za maabara, au nambari iliyochorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe.

Kila njia ina alama zake. Ya shinikizo inaweza kubaki na weupe wenye buluu hafifu au chembe za chuma ndani. Ya gesi inaweza kuwa na kahawia hafifu au sura ya maziwa inayouua mng'ao. Cheti hakikuonyeshi hali hizo vizuri, kwa hiyo omba video iliyopigwa kwenye mwanga wa kawaida. Hakikisha pia nambari ya leza inalingana na ya cheti, na kwamba cheti kimetoka kwa taasisi huru, si duka lenyewe.

Usiinunue kama akiba. De Beers wenyewe walifungua chapa ya Lightbox mwaka 2018 wakiuza mawe ya maabara kwa dola 800 kwa karati, bei iliyoshtua soko wakati huo. Bei za jumla ziliendelea kuporomoka, na mwaka 2025 wakatangaza kuifunga. Almasi ya mgodini nayo si benki: ukiirudisha sokoni kesho yake, mara nyingi utapewa chini ya nusu ya ulicholipa, kwa kuwa ulinunua kwa rejareja na sasa unauza kwa jumla.

Kwa wanaojali jiwe limechimbwa vipi: Mchakato wa Kimberley, mpango wa kimataifa wa vyeti ulioanza kutumika 2003, unazuia almasi mbichi zinazogharamia waasi wanaopigana na serikali. Haugusi ujira wa wachimbaji wala mazingira. Cheti hicho kisikutoshe kama maswali yako ni hayo.

Zirkonia na mengine

Zirkonia inametameta siku ya kwanza kama almasi isiyo na doa, na ndiyo inayodanganya wengi. Ugumu wake ni 8 hadi 8.5, lakini kwenye pete ya kila siku kingo za nyuso zake hulika, uso hushika mikwaruzo midogo, na ndani ya mwaka mmoja au miwili jiwe linaonekana kama limepulizwa pumzi lisikauke. Inafaa kwa pete ya safari, au ya kujaribia umbo kabla ya kununua jiwe la kudumu. Isichanganywe na zirkoni, ambayo ni madini ya asili.

Yakuti nyeupe ni ngumu lakini imelala. Haina cheche, na ikishika mafuta inaonekana kama kioo cha dirisha. Yakuti ya buluu ni habari nyingine kabisa. Hiyo, pamoja na yakuti nyekundu na spineli, tunazisifu bila kusita: hazijifanyi almasi, zinadumu, na rangi yake inasomeka tangu mlangoni. Topazi nyeupe hupasuka kirahisi. Zumaridi mara nyingi ina nyufa zilizojazwa mafuta. Opali, lulu na tanzanaiti (hii ya mwisho ina ugumu wa 6 hadi 7) zipendeze kwenye hereni na mkufu, si kwenye kidole kinachogonga meza kila siku.

Pete yenyewe, ambako pesa hupotea au hukaa

Vijino vinavyoshika jiwe ndivyo vitu vyembamba kuliko vyote kwenye pete, na ndivyo vinavyobeba kitu cha bei kuliko vyote. Vinne huonyesha jiwe zaidi. Sita vina usalama, kwa kuwa kimoja kikikatika jiwe bado limeshikwa. Jiwe lenye ncha, kama pea au mraba, lazima kila ncha ifunikwe kwa kijino chenye umbo la V, la sivyo ncha itabanjuka. Kwa anayefanya kazi za mikono, muuguzi, fundi au mpishi, tunapendekeza mzingo kamili wa madini kuzunguka jiwe. Hauchomi glavu wala haunasi nguo, ingawa unafunika ukingo wa jiwe kidogo.

Shingo ya pete, yaani duara linalozunguka kidole, isipungue upana wa milimita 1.8 na unene wa milimita 1.5. Chini ya hapo inapinda ukibeba mfuko mzito, na ikipinda vijino vinafunguka. Pete za "nyuzi" zinazopendwa kwenye picha huishia hivi.

Dhahabu ya karati 14 ni ngumu kuliko ya 18, zote zinafaa. Angalia mhuri ndani: 585 au 750. Dhahabu nyeupe kwa kawaida hupakwa rodiamu, madini meupe yanayong'aa, na mpako huo hufifia baada ya mwaka mmoja au miwili ya kuvaliwa, njano ikaanza kuchungulia. Uliza mapema gharama ya kuipaka tena. Kama ngozi yako huwashwa na nikeli, dai dhahabu nyeupe iliyochanganywa na paladiamu, au platinamu. Fedha ya 925 ni laini mno kwa vijino. Mpako wa dhahabu juu ya fedha, hata ukiwa na unene wa maikroni 2.5, utaisha upande wa kiganja kwanza, pale pete inaposuguana na kila unachokishika. Tangsteni haipanuliwi kabisa.

Kipimo, usafi na moto wa sonara

Kipimo cha kidole kichukuliwe jioni, mwili ukiwa na joto la kawaida, mara tatu kwa siku tofauti. Zungusha ukanda mwembamba wa karatasi, pima urefu kwa milimita, gawanya kwa 3.14: ukanda wa milimita 54 ni kipenyo cha ndani cha milimita 17.2. Pete pana kuliko milimita 5 inahitaji nafasi zaidi kidogo. Pete iliyozungukwa na mawe kidole kizima haipanuliki, kwa hiyo hiyo usiikisie.

Almasi hupenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana hufifia kwa losheni. Iloweke dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini upande wa chini, ambako uchafu hukaa, na sinki iwe imezibwa. Klorini ya bwawa la kuogelea hudhoofisha dhahabu, hasa kwenye vijino. Ivue kabla hujaingia. Kila miezi sita itikise karibu na sikio na uipitishe juu ya kitambaa cha pamba. Ikilia au ikinasa uzi, acha kuivaa mpaka sonara aione.

Kifaa cha joto kinacholia "almasi" kitalia pia kwa moisanaiti, kwa kuwa zote mbili hupitisha joto vizuri. Kinachozitenganisha ni kile kinachopima pia umeme. Au tumia lenzi ya mara 10: inamisha jiwe, tazama kupitia nyuso za pembeni badala ya juu moja kwa moja, na kingo za nyuma za moisanaiti zitaonekana mbilimbili. Kuandika kwenye kioo kwa jiwe hakuthibitishi kitu, kwani hata kwatzi inakwaruza kioo.

Basi usimpe mtu moisanaiti ukaiita almasi. Pete itapelekwa kupanuliwa, na sonara ni lazima ajue anachokichoma. Almasi na moisanaiti huvumilia moto wake, almasi ikipakwa asidi ya boriki ili uso usiungue. Yakuti ikipakwa hiyo hiyo, au boraksi, uso wake huliwa. Zirkonia ikipozwa ghafla hupasuka. Zumaridi, opali na tanzanaiti hutolewa kwenye pete kabla moto haujawashwa.